Kuzinduka Si Kupona

  Huku Nizwa joto limepungua kidogo, mitihani imekaribia, na maisha ya ughaibuni yanaendelea kama mnavyoyajua wenyewe.

Safari hii sitaandika juu ya siasa za nyumbani wala bei za tiketi za ndege, mambo tuliyoyajadili humu mpaka tumechoka. Nataka tuzungumze juu ya nusu kaputi, yaani dawa ya usingizi anayopewa mtu kabla ya kupasuliwa. Najua wengine mnataka kufungua ukurasa unaofuata. Subirini kwanza. Siku hizi upasuaji mwingi mdogo, wa ngiri, wa mafindofindo, wa uvimbe, wa mtoto wa jicho, unafanywa asubuhi na mgonjwa anarudi kwake jioni hiyo hiyo. Mwanafunzi aliye mbali na kwao ndiye mgonjwa wa namna hiyo hasa: hataki kukosa vipindi, hana pesa za kulazwa, na hana mama wa kumkalia kitandani. Leo ni mwenzako, kesho ni wewe.

Kisa chenyewe kilitukuta chumbani kwetu. Mwenzangu ninayekaa naye, Mtanzania kama mimi, alikuwa na ngiri ya kinena iliyomsumbua tangu mwaka wa kwanza. Akapata nafasi ya kupasuliwa katika hospitali moja upande wa Maskati, aende asubuhi, arudi jioni. Mimi nasoma famasia, kwa hiyo wiki nzima kabla ya siku hiyo nilijifanya profesa. Usiku tukikaa kunywa chai namwambia, "Waulize watakupa ipi. Wakikupa ya kisasa utaamka kabla hawajamaliza kukubandika plasta." Yeye anabisha kuwa kuna jamaa yake alipigwa sindano ya mgongo na akawa macho muda wote. Basi tukawa tunashindanisha dawa kama watu wanaoshindanisha Simba na Yanga. Swali letu lilikuwa moja tu: ipi inaamsha haraka?

Siku tatu kabla, hospitali wakampa fomu ya kujaza. Moja ya masharti: awepo mtu mzima wa kumchukua na kukaa naye saa 24. Akaandika jina langu. Mimi nikatia sahihi. Siku yenyewe ilipofika ikagongana na maabara yangu, na mwalimu wetu wa maabara hana mchezo. Nikamwambia mwenzangu, "Bwana, wewe ukitoka sema ndugu yako yupo chini kwenye gari. Panda teksi, mimi nitakukuta chumbani." Ndugu wasomaji, maneno hayo niliyasema mimi, msomi wa dawa, na sikuona ubaya wowote.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Dawa ilifanya kazi yake. Alizinduka upesi, akajibu maswali, akanywa maji, akatembea. Nesi akamuuliza, "Nani anakuchukua?" Akasema kama nilivyomfundisha. Akapanda teksi pamoja na watu wengine watatu. Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 160. Walipofika Fanja akaomba gari lisimame, akatapika kando ya barabara. Kufika karibu na Izki akatapika tena. Mwenye mshono mpya kinenani ambaye anatapika, kila akijikamua anahisi kama anachanwa upya. Akaingia chumbani Magharibi, akameza vidonge vyake vya maumivu, vile vikali vya jamii ya afyuni, tumbo likiwa tupu. Mimi nilirudi saa tatu usiku, nikamkuta amelala, nikafurahi. "Amepumzika," nikasema moyoni, nikaenda chumba cha jirani kujisomea. Saa nane za usiku akaamka kwenda chooni, kizunguzungu kikamshika, akaanguka. Tulimpeleka hospitali shati likiwa na damu. Namshukuru Mungu haikuwa kubwa, wakamshona na leo ni mzima anacheza mpira. Lakini mimi sijasahau. Hospitali iliuliza swali sahihi. Jibu la uongo lilitoka kwangu.

Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya jambo hili, na nimefikia maoni ambayo nataka kuyatetea hapa. Kulinganisha dawa za usingizi kwa kuangalia ipi inamwamsha mtu haraka ni kupima kitu kisicho muhimu. Kwa mgonjwa anayerudi nyumbani siku hiyo hiyo, kipimo cha kweli ni anafikaje nyumbani na analalaje usiku wa kwanza. Ukitumia kipimo hicho, mpangilio wa dawa unabadilika, na kuna sehemu ambayo hakuna dawa inayoweza kuijaza.

Nianze na dawa zenyewe, manake siwezi kuzikosoa bila kuzieleza.

Zipo za sindano. Thiopentoni ilianza kutumiwa mwaka 1934 na imetumika sana hata kwetu. Mgonjwa analala haraka na anafumbua macho baada ya dakika chache, lakini dawa bado imo mwilini. Imehama tu kutoka kwenye ubongo kwenda kwenye misuli na mafuta, na inatoka huko polepole kwa saa nyingi. Ndiyo maana mtu hushinda na kichwa kizito. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa kwa sababu imechanganywa na mafuta ya soya, ilitokana na kazi ya Iain Glen, daktari wa mifugo wa Scotland aliyekuwa na kampuni ya ICI. Ilianza kutumika Uingereza mwaka 1986, na mwaka 2018 Glen alipewa Tuzo ya Lasker. Inachoma kidogo mshipani ikiingia, lakini mwili unaiondoa haraka na mtu anazinduka na akili iliyo wazi zaidi.

Zipo pia za kuvuta, zinazoingia na kutoka kwa pumzi. Hapa siri ni jinsi dawa inavyoyeyuka kwenye damu. Inayoyeyuka sana inakaa, isiyoyeyuka inatoka. Halotheni, iliyoingia kazini mwaka 1956 na iliyobeba hospitali zetu za Afrika Mashariki kwa miongo mingi, ina kipimo cha kuyeyuka cha karibu 2.4. Isoflureni ni 1.4. Sevoflureni ni kama 0.65. Desflureni ni 0.42 tu. Kwa hiyo ukiuliza ipi inaamsha haraka, desflureni iko mbele na halotheni iko nyuma kabisa. Mabishano yetu ya chai yangeishia hapo.

Sasa tazama yanayofuata. Mwaka 2004 jarida la Anesthesia & Analgesia lilichapisha mapitio ya Gupta na wenzake. Walikusanya tafiti zilizolinganisha propofoli, isoflureni, sevoflureni na desflureni kwa wagonjwa wa kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ni kweli, desflureni iliwafumbua watu macho mapema kuliko propofoli na isoflureni. Lakini tofauti ilikuwa ya dakika chache tu. Na walipoangalia ni lini mgonjwa yuko tayari kuruhusiwa, tofauti karibu zote zikafutika. Iliyobaki ilikuwa ya kama dakika tano kati ya sevoflureni na isoflureni. Dakika tano! Teksi ya kwenda Nizwa haingojei abiria kwa dakika tano. Jambo lililojitokeza wazi lilikuwa jingine: waliopewa propofoli walipata kichefuchefu na kutapika kwa uchache zaidi.

Mwaka huo huo wa 2004 Christian Apfel na wenzake walitoa utafiti mkubwa wa wagonjwa 5,199. Walijaribu njia sita za kuzuia kutapika. Ondansetroni, deksamethasoni na droperidoli, kila moja ilipunguza hatari kwa takriban asilimia 26. Kutumia propofoli badala ya dawa za kuvuta kulipunguza kwa asilimia 19. Deksamethasoni ni dawa ya bei rahisi mno, na nguvu yake inadumu muda mrefu. Tena ni huyo huyo Apfel aliyetupa, mwaka 1999, alama nne za kumtambua mwenye hatari: mwanamke, asiyevuta sigara, aliyewahi kutapika baada ya upasuaji au anayechafukwa na moyo akisafiri, na atakayepewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Mwenye alama zote nne ana uwezekano wa karibu asilimia 80. Hesabu hapo wangapi kati ya dada zetu wana alama mbili tayari kabla hawajaingia hospitali: ni wanawake, na hawavuti sigara.

Lakini takwimu iliyonigusa mimi binafsi ni ya mwaka 2012. Apfel na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 2,170 nchini Marekani, siyo hospitalini tu bali hadi nyumbani. Kabla ya kuruhusiwa, waliopata kichefuchefu au kutapika walikuwa kama asilimia 20. Baada ya kuruhusiwa walikuwa asilimia 37. Yaani wengi zaidi waliugua baada ya kutoka mlangoni, mahali ambapo hakuna nesi wala beseni. Saa ya hospitali inasimama mgonjwa anapovuka mlango. Mwenzangu alikuwa mzima mlangoni.

Sasa weka hayo katika nchi hii tunayoishi. Hospitali kubwa za mikoa zipo Nizwa, Ibra na Sur, lakini watu hawakai hospitalini. Kuna anayeishi Wadi Bani Khalid, barabara ya kona za milima. Kuna wa Masira, ambaye lazima apande feri kutoka Shannah. Kuna wa Sur anayepasuliwa Maskati na ana kilomita kama 200 mbele yake. Mtu kama huyu amepewa dawa mchana, anakalishwa kwenye gari linalopinda na kupanda, na kuchafukwa na moyo safarini ni moja ya zile alama nne. Kwa mtu wa London anayepanda treni vituo viwili, dakika za kuzinduka zinaweza kuwa na maana. Kwa mtu wa Sharqiyah, dawa bora ni ile inayomfikisha Bidiya bila kuomba gari lisimame. Hilo ndilo ningependa madaktari wa usingizi waliulize: si unaitwa nani na una uzito gani tu, bali unakwenda wapi leo na kwa chombo gani?

Kuna bibi mmoja anaishi Ibra, amezaliwa Unguja na amekuja Oman miaka ya sabini akiwa msichana. Wengi mnajua, nyumba nyingi za Ibra zina watu wa namna hiyo, na Kiswahili kinasikika barazani mpaka leo. Sisi wanafunzi humtembelea Ijumaa moja moja, manake samaki wake wa nazi anakukumbusha kwenu. Nilipomsimulia kisa hiki, akacheka kwanza, kisha akaniambia alivyopasuliwa Unguja akiwa mdogo. Wakamfunika usoni kitambaa chenye harufu kali, akapotea. "Nilizinduka jioni, mwanangu," akasema. "Lakini kuwa mimi tena, hiyo ilichukua siku tatu."

Nikamwambia, bibi, hayo uliyosema ndiyo yaliyoandikwa vitabuni. Wataalamu wa usingizi hugawa kurudi kwa mgonjwa sehemu tatu. Kwanza anazinduka: anafumbua macho, anajua jina lake. Pili anakuwa tayari kwenda nyumbani: anatembea, maumivu yanavumilika, hatapiki. Tatu anarudi hali yake ya kawaida ya kula, kulala, kusoma, kuendesha gari, na hiyo ni siku au wiki. Ile ya kwanza ina vipimo vyake tangu mwaka 1970, Aldrete alipotoa alama za kupima pumzi, mzunguko wa damu, fahamu, rangi na uwezo wa kujongea. Dawa tunazozishindanisha zinashindana zaidi katika sehemu ya kwanza. Sisi tunateseka katika ya pili na ya tatu. Wala Kiswahili chetu hakichanganyi mambo haya: kuzinduka ni neno moja na kupona ni jingine kabisa.

Bibi hakuvutiwa sana na elimu yangu. Akaniuliza tu, "Na wewe usiku huo ulikuwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Najua kuna watakaonipinga, hasa wanaosoma udaktari. Watasema dakika zina maana, na wana haki yao. Mgonjwa anayezinduka haraka anaweza kukohoa na kulinda njia yake ya hewa mwenyewe, na hilo ni usalama. Chumba cha upasuaji kinachopata dakika kumi kwa kila mgonjwa kinaweza kumhudumia mmoja zaidi ifikapo mchana. Sikatai. Ila hizo ni faida zinazohesabiwa ndani ya jengo. Desflureni, mshindi wa mbio hizo, inaweza kuudhi koo na kumkohoza mgonjwa, na hewa yake inaharibu hali ya hewa ya dunia kuliko za wenzake wote. Scotland iliiacha mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia Januari 1, 2026 isipokuwa penye ulazima wa kitabibu. Na sevoflureni, ambayo ni nzuri kwa watoto kwa kuwa haina harufu kali, ina tabia ya kumwamsha mtoto akilia na kurusha mikono, hamtambui hata mama yake kwa muda. Dada zetu wenye watoto wajue: hali hiyo inatisha, lakini kwa kawaida hupita yenyewe. Haraka ina bei yake.

Wengine watasema, basi tumieni ganzi, acheni usingizi kabisa. Hapa nakubali kwa sehemu kubwa. Mtoto wa jicho mara nyingi hutolewa kwa ganzi ya matone tu. Ngiri ya kinena inaweza kufanywa kwa ganzi ya pale pale penye jeraha. Na hata ukilazwa usingizi, daktari akichoma ganzi kwenye jeraha kabla hujazinduka, unahitaji dawa chache za afyuni, na kichefuchefu kinapungua. Sindano ya uti wa mgongo nayo ni nzuri, lakini usidhani kuwa macho ni kuwa huru. Bupivakaini inaweza kukukalisha kwa saa kadhaa bila kuhisi miguu, na wengine mkojo unagoma. Kwa mgonjwa wa kurudi siku hiyo hiyo zinafaa dozi ndogo au dawa za muda mfupi kama kloroprokaini. Kwa hiyo hata hapa swali ni lile lile: atatoka lini, na akiwa hali gani?

Nije nyumbani. Tukikaa huku tunazoea kudharau. Nimesikia mwenzetu akisema hospitali za kwetu zinalaza watu kwa "dawa ya farasi", akimaanisha ketamini. Jamani, tuwe na adabu. Ketamini ilitengenezwa mwaka 1962 na kujaribiwa kwa binadamu mwaka 1964. Imeokoa watu wengi mno katika hospitali za wilaya zisizo na umeme wa uhakika, kwa sababu mgonjwa kwa kawaida huendelea kuvuta pumzi mwenyewe na shinikizo la damu halianguki ovyo. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilisema watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na huduma ya usingizi iliyo salama na wanayoweza kuilipia. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa usingizi linapendekeza angalau madaktari bingwa 5 kwa kila watu 100,000, na nchi zetu ziko mbali sana na hapo. Kwa mtu mzima anayetaka kurudi kwake jioni, ketamini peke yake siyo nzuri: ndoto za ajabu, kuona vitu viwili viwili, kizunguzungu. Ni kweli. Lakini anayeshika sindano hiyo Kigoma au Lamu hajachagua kwa ujinga.

Tena nawaambia wanaosoma udaktari, uuguzi na famasia ambao mtarudi: tazameni vitu vilivyomsaidia mgonjwa katika hesabu zote hizi. Ganzi kwenye jeraha. Deksamethasoni. Parasetamoli, na ibuprofeni kwa asiye na tatizo la tumbo wala figo. Dawa chache za afyuni. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mashine ya mamilioni. Tukirudi na orodha ya mitambo ya kisasa tu tutakuwa tumesoma nusu. Tukirudi na swali la "mgonjwa huyu analala wapi leo?" tutakuwa na kitu cha kuanzia hata kwenye zahanati.

Na kuhusu mtu wa kumpokea mgonjwa, hilo si jambo jipya. Mwaka 1909 daktari James Nicoll wa Glasgow aliripoti kuwa kwa miaka kumi hivi walikuwa wamefanya upasuaji 8,988 wa watoto bila kuwalaza. Dawa za wakati ule zilikuwa kali na za shida. Lakini alisisitiza kuwa mtoto akae na mama yake, na kuwa hali ya nyumbani ni sehemu ya matibabu. Zaidi ya miaka mia imepita, dawa zimekuwa nzuri kupita kiasi, na mama bado hajapatiwa mbadala. Sisi huku hatuna mama karibu. Tuna wenzetu tu.

Kwa hiyo naomba nitoe pendekezo kwa jumuiya yetu. Tutengeneze orodha ya wasindikizaji, wa kike na wa kiume, hapa Nizwa, Ibra na Sur, hata kama Sur watakuwa watatu tu. Mwanachama akipangiwa upasuaji, atoe taarifa, apewe mtu. Kazi ya msindikizaji iwe hii:

Kwanza, amfuate mgonjwa mpaka wodini, siyo kumsubiri geti la chuo. Asikilize maelekezo pamoja naye, kwa sababu mtu aliyetoka kuzinduka anaitikia "ndiyo, ndiyo" na baadaye hakumbuki neno.

Pili, awaulize wahudumu mambo matatu: amepewa dawa gani ya usingizi, amepewa chochote cha kuzuia kutapika, na tupige simu wapi usiku kukiwa na tatizo. Mgonjwa anayechafukwa na safari aseme mapema, kabla ya kulazwa usingizi.

Tatu, awepo gari la mtu tunayemjua, mfuko wa plastiki, na maji. Mgonjwa asiendeshe gari, asifanye mtihani, wala asitie sahihi mkataba wowote kwa saa 24, hata akiapa kuwa yuko sawa.

Nne, alale chumba kimoja naye. Akienda chooni, amshike mkono.

Na uongozi uandike barua kwa walimu ili msindikizaji aruhusiwe kukosa kipindi cha siku moja. Maabara yangu ya siku ile niliirudia wiki iliyofuata bila shida yoyote. Niliogopa bure.

La mwisho, tusidanganye kwenye fomu. Ile nafasi ya jina la msindikizaji ni sehemu ya dozi. Ukiandika jina la mtu ambaye hatakuja, umempa daktari taarifa ya uongo, naye amekupangia dawa kwa kuiamini.

Mwenzangu alishanisamehe siku nyingi. Wiki iliyopita alikuwa wa kwanza kujiandikisha kwenye karatasi niliyobandika mlangoni kwetu, jina lake juu na namba ya simu mbele yake. Langu ni la pili. Karatasi bado ina nafasi.

Naomba kutoa hoja.

Mwandishi ni mwanafunzi wa famasia, Nizwa.